Kikosi cha Pryluky: Miaka 134 ya Wilaya ya Kikozaki

Kwa miaka 134, tangu 1648 hadi 1782, bonde la mto Udai, lililoko mashariki ya Kyiv katika Ukraine ya leo, lilitawaliwa na kikosi cha jeshi. Makao yake yalikuwa mji wa Pryluky. Kanali aliyewaongoza wanaume wa bonde hilo vitani ndiye aliyesimamia mahakama yao, akagawa mashamba na haki ya kujenga vinu vya maji, akaamua kijiji kipi kitawapa malazi wajumbe wa serikali. Karani aliyeandika orodha ya wapiganaji ndiye aliyeandika hati za kuuziana ardhi. Jeshi na wilaya vilikuwa kitu kimoja, nacho kiliitwa Kikosi cha Pryluky.

Kilikuwa kimoja kati ya vikosi kumi vilivyodumu mpaka mwisho katika dola ya Wakozaki, wapiganaji huru wa Ukraine, dola iliyoongozwa na hetmani, yaani kiongozi wao mkuu. Kinastahili kukumbukwa kwa sababu ndani yake twaona hatua kwa hatua jinsi taasisi iliyoanzishwa na watu waliotaka uhuru ilivyostawi, ikaporwa na waliokabidhiwa kuilinda, kisha ikafutwa kwa amri ya mtawala wa mbali. Na katika kila hatua swali lilikuwa lilelile: jina la nani limo katika daftari la Wakozaki, na jina la nani limeondolewa?

Kuzaliwa katika vita

Kabla ya 1648 sehemu kubwa ya nchi hii ilikuwa mali ya ukoo wa Wiśniowiecki, makabaila wakubwa katika dola ya Polandi na Lithuania. Mkuu wa ukoo huo, Jeremi Wiśniowiecki, aliishi Lubny, kusini ya Pryluky, na familia nyingi mno zilimlimia na kumlipa ushuru. Wakozaki walikuwapo, lakini serikali ya Polandi iliwatambua wale tu walioandikwa katika daftari rasmi. Baada ya 1638 daftari hilo lilikuwa na nafasi 6,000 kwa Ukraine nzima. Aliyekosa nafasi alihesabiwa kuwa mkulima wa bwana fulani, hata kama baba yake alikufa akiwa na upanga mkononi.

Mwaka 1648 Bohdan Khmelnytsky, hetmani wa Wakozaki, aliongoza maasi yaliyoitikisa Polandi yote. Moto wa maasi ulipovuka mto Dnipro, Wiśniowiecki aliondoka na askari wake kuelekea magharibi, na miji ya upande wa mashariki ikabaki mikononi mwa waasi. Ushindi huo ulichanganyika na damu ya wasio na hatia. Wayahudi wa miji hiyo waliuawa kwa wingi au wakakimbia. Baadhi yao walikuwa wakusanya ushuru wa makabaila, lakini wengi walikuwa mafundi na wachuuzi waliojitafutia riziki yao tu. Historia ya Kikosi isiyolitaja jambo hili itakuwa pungufu.

Agosti 1649 mkataba wa Zboriv na Polandi ulimruhusu hetmani kuwa na Wakozaki 40,000. Miezi iliyofuata makarani waliandika daftari jipya, na daftari hilo limesalia mpaka leo. Lina vikosi 16, cha Pryluky kikiwa na watu wapatao 2,000. Ukilifungua unakutana na majina ya kazi za mikono: Koval, mhunzi, Melnyk, mwenye kinu, Shvets, fundi viatu, Bondar, mtengeneza mapipa. Hawa hawakuzaliwa katika koo za mashujaa. Wengi wao jana walikuwa wakulima na mafundi wa Wiśniowiecki, na leo jina katika daftari limewafanya watu huru.

Kazi za Kikosi

Kikosi kiligawanywa katika sotnia, yaani vitengo vya watu mia, ingawa idadi halisi ya watu ilipanda na kushuka. Ichnia, Varva, Sribne, Zhuravka, Ivanytsia na Monastyryshche ilikuwa miji midogo yenye ngome za udongo na magogo, kila mmoja ukiwa makao ya sotnia yake na vijiji vilivyouzunguka. Sotnia ilikuwa na akida wake, karani wake na mshika bendera wake. Chini yake kila kijiji kilikuwa na otamani wake, mtu aliyewajua majirani zake kwa majina na kwa mifugo yao.

Mjini Pryluky kanali aliketi na baraza la maofisa: mkuu wa mizinga aliyekuwa naibu wake, hakimu, karani, msimamizi wa nidhamu ya safu na mshika bendera. Alama za madaraka zilikuwa rungu la kanali, bendera, muhuri na ngoma za vita. Katika miaka ya mwanzo Wakozaki wenyewe walikutana barazani kumchagua kanali, na waliweza kumwondoa. Ndivyo Pryluky ilivyokuwa uwanja wa kujifunzia uongozi: Petro Doroshenko, aliyekuja kuwa hetmani mwaka 1665 na kujaribu kuziunganisha pande mbili za Dnipro, alikuwa kanali wa hapa kati ya 1657 na 1659.

Kesi ndogo zilikwisha kijijini au kwa akida. Kubwa zilifika mahakama ya Kikosi, na rufaa ilikwenda kwenye mahakama kuu ya hetmani, huko Baturyn mpaka 1708, kisha Hlukhiv. Mahakimu walitumia Sheria za Lithuania zilizorithiwa kutoka utawala wa kale, sheria za miji za Magdeburg, na desturi za wenyeji.

Msingi wa yote ulikuwa makubaliano rahisi kueleza. Mkozaki alimiliki shamba lake, aliliuza na kulirithisha, hakulipa ushuru wa bwana wala hakufanya kazi ya shokoa. Naye alipoitwa vitani alikuja na farasi wake, silaha zake na chakula chake. Shamba lililipia vita, na vita vililinda shamba. Mjane wa Mkozaki alibaki na ardhi na haki za mumewe ili watoto wakue katika hadhi hiyohiyo.

Watu wa bonde la Udai

Shahidi mmoja mzuri wa siku hizo ni Mwarabu. Paulo wa Aleppo, shemasi Mkristo kutoka Shamu, alipita Pryluky mwaka 1654 akifuatana na baba yake, Patriarki Makarios wa Antiokia, safarini kwenda Moscow. Katika kitabu chake cha safari, alichokiandika kwa Kiarabu, aliisifu ngome ya Pryluky na kustaajabia jambo moja katika nchi ya Wakozaki: watu wengi, hata wanawake na wasichana, walijua kusoma na walizifahamu ibada za kanisa. Vitabu vya sensa vya karne iliyofuata vinayathibitisha maneno yake. Kati ya 1740 na 1748, katika vikosi saba kati ya kumi, zilihesabiwa shule 866. Nyingi zilikuwa chumba kimoja kando ya kanisa, na mwalimu alilipwa na wanakijiji wenyewe.

Wakozaki hawakuwa wakazi pekee. Waliishi pamoja na wakulima wa kawaida, waliolipa kodi na kutoa kazi; na watu wa miji, mafundi na wafanyabiashara; na makasisi; na watawa wa Hustynia, monasteri kubwa iliyoanzishwa karibu na Pryluky mnamo 1600. Katika monasteri hiyo, mwaka 1670, ilinakiliwa tarikh ya Ukraine inayojulikana hadi leo kwa jina la mahali hapo, Tarikh ya Hustynia. Wakazi wa bonde walilima nafaka, wakafuga ng'ombe wa kukokota, wakarina asali, wakachemsha pombe kali, na baadaye tumbaku ikawa zao lililoitangaza Pryluky. Wasafirishaji wenye magari ya ng'ombe walikwenda hadi Crimea kuleta chumvi na samaki wakavu.

Mwanzoni ukuta kati ya Mkozaki na mkulima ulikuwa mwembamba. Mkulima aliyeweza kununua farasi na silaha aliandikishwa. Mkozaki aliyefilisika aliacha utumishi na kuanza kulipa kodi. Kadiri miaka ilivyokwenda, kutoka katika daftari kukawa rahisi na kuingia kukawa kugumu, na haikutokea hivyo kwa bahati mbaya.

Cheo kinapogeuka mali

Hazina ya hetmani haikuwa na fedha za kuwalipa maofisa mishahara. Kwa hiyo kanali, hakimu na akida walipewa vijiji ambavyo wakulima wake waliwatumikia kwa muda wa cheo tu. Vijiji vilikuwa vya cheo. Aliyeondoka kazini alipaswa kuviacha. Hapo ndipo kikulacho kilipojificha nguoni. Kanali aliyevizoea vijiji alitafuta hati ya hetmani ya kuvifanya vyake milele, kisha akatafuta cheo kwa mwanawe.

Lazar Horlenko alikuwa kanali wa Pryluky, kwa vipindi tofauti, tangu miaka ya 1660. Julai 1687, jeshi lilipokuwa likirudi kutoka vita vilivyoshindwa vya Crimea na Hetmani Ivan Samoilovych kuondolewa madarakani, Wakozaki wa Horlenko mwenyewe walimgeukia na kumuua. Ilikuwa hasira ya watu waliobebeshwa mizigo kupita kiasi. Haikubadilisha mambo. Mwanawe Dmytro alipata rungu la ukanali mwaka 1692 na kulishika kwa miaka 16. Ukoo huo pia ulimzaa Ioasaf Horlenko, aliyezaliwa Pryluky mwaka 1705, akawa askofu wa Belgorod, na mwaka 1911 Kanisa la Urusi likamtangaza mtakatifu.

Mwaka 1708 ndio uliovunja uti wa mgongo. Hetmani Ivan Mazepa aliungana na mfalme wa Uswidi, Charles wa Kumi na Mbili, dhidi ya Tsar Peter wa Kwanza wa Urusi, ambaye dola ya Wakozaki ilikuwa chini yake, na Dmytro Horlenko akamfuata Mazepa. Jeshi la Urusi likiongozwa na Menshikov liliizingira Baturyn, mji mkuu wa hetmani. Inasimuliwa kwamba Ivan Nos, ofisa wa Kikosi cha Pryluky aliyekuwa ndani ya ngome, ndiye aliyewaonyesha Warusi njia ya siri. Mji ulichomwa na maelfu ya watu wake wakauawa. Nos akafanywa kanali wa Pryluky.

Baada yake, mwaka 1714, alikuja Hnat Galagan, aliyekuwa upande wa Mazepa kisha akahamia kwa Tsar, na Mei 1709 akashiriki kuibomoa Sich, ngome kuu ya Wakozaki wa Zaporizhia. Alitawala Pryluky mpaka 1739, na mwanawe Hryhoriy akaendelea mpaka 1763. Kwa karibu nusu karne Kikosi kilikuwa mikononi mwa baba na mwana, na koo za Wakozaki zilijikuta zikiomba haki kwa mtu yuleyule aliyeyataka mashamba yao.

Oleksandr Lazarevsky, mwanahistoria aliyetumia maisha yake katika nyaraka za vikosi, aliutoa mwaka 1902 uchunguzi wake wa Kikosi cha Pryluky, kijiji kwa kijiji. Alionyesha jinsi maofisa walivyonunua mashamba kwa bei ya kutupa katika miaka ya njaa, walivyodai madeni mahakamani walikoketi wao wenyewe, na walivyowahesabu Wakozaki kuwa wakulima wao. Lazarevsky mwenyewe alitoka katika tabaka la wenye ardhi, na hakuwaonea haya mababu. Hilo ni jambo la kuheshimiwa katika kazi ya historia.

Jasho la mbali

Wakati maofisa wakilimbikiza vijiji, Mkozaki wa kawaida aliitwa kwenye kazi zisizokuwa katika makubaliano ya mwanzo. Miaka ya 1721 na 1722 maelfu walipelekwa kaskazini kuchimba mfereji wa Ladoga karibu na St. Petersburg, na wengi walikufa kwa baridi, njaa na maradhi. Wengine walipelekwa kwenye mto Sulak, kando ya Bahari ya Kaspi, kujenga ngome. Kuanzia 1731 walijengeshwa mstari mrefu wa maboma kati ya mito ya Dnipro na Donets. Mkozaki aliyekwenda na koleo kwa gharama zake mwenyewe alirudi, kama alirudi, akikuta shamba limekuwa gugu na deni limeiva.

Mwaka 1735 daftari liligawanywa sehemu mbili. Wenye uwezo wa kutumikia kwa farasi wao walibaki wapiganaji, na waliofukarika wakawekwa kuwa wasaidizi wa kuwalisha na kuwavika wenzao. Mwaka 1739 serikali ilipiga marufuku Wakozaki kuuza ardhi, ili wapiganaji wasiishe. Makatazo hayo ni ushahidi wa ugonjwa wenyewe: watu walikuwa wakiyauza mashamba yaliyowafanya kuwa Wakozaki.

Mwaka 1760 Hetmani Kyrylo Rozumovsky aliagiza kwamba mkulima anayehama bwana wake aache mali yake nyuma na achukue barua ya ruhusa. Mlango wa utwana ulikuwa umeshasukumwa nusu, na mikono iliyousukuma ilikuwa ya viongozi wa Kikozaki wenyewe.

Kufungwa kwa Kikosi

Malkia Catherine wa Pili alimlazimisha Rozumovsky kujiuzulu mwaka 1764 na kumweka Pyotr Rumyantsev kuitawala nchi. Kati ya 1765 na 1769 Rumyantsev alifanya sensa ambayo mfano wake ni nadra katika Ulaya ya karne ile. Maafisa wake waliingia nyumba kwa nyumba wakaandika jina na umri wa kila mtu, afya yake na kazi yake, ukubwa wa shamba, idadi ya ng'ombe, farasi na kondoo, vinu, mapato na madeni. Vita na Waturuki viliikatiza kabla haijakamilika, lakini vitabu vyake ndivyo picha bora tuliyo nayo ya wakazi wa vikosi. Dola iliyokusudia kuufuta utaratibu wa Kikozaki ndiyo iliyowaandika watu wake kwa ukamilifu kuliko wote waliotangulia.

Septemba 1781 ilitoka amri ya kuvunja vikosi kama mamlaka za utawala. Mwanzoni mwa 1782 majimbo mapya ya Kirusi yalifunguliwa, na Pryluky ikawa makao ya wilaya ya kawaida. Mwaka 1783 vikosi vya vita viligeuzwa kuwa vikosi vya askari wapandafarasi wa jeshi la Urusi, na tarehe 3 Mei mwaka huohuo wakulima walikatazwa kuhama kutoka mahali walikoandikwa. Utwana ukawa sheria. Miaka miwili baadaye, Hati ya Heshima ya Makabaila iliwafungulia maofisa wa zamani mlango wa ukabaila wa Kirusi. Ndiyo maana kilio chao kilikuwa kidogo: taasisi yao ilifutwa, lakini mashamba waliyovuna kwa jina lake yalibaki.

Waliobaki

Wakozaki wa kawaida hawakutoweka. Sheria za Urusi ziliendelea kuwatambua kama tabaka la watu huru wenye mashamba yao, na tabaka hilo lilidumu hadi 1917. Mwaka 1812, Napoleon alipoivamia Urusi, mikoa ya Poltava na Chernihiv iliunda vikosi 15 vya Wakozaki, Pryluky ikiwa sehemu ya mkoa wa Poltava wakati huo. Na wale waliokuwa wamefanywa watwana kwa hila walirudi kwenye nyaraka. Walifungua kesi, wakaleta madaftari ya karne iliyopita, wakaonyesha jina la babu. Katika kijiji cha Turbai, kwenye ardhi ya Kikosi cha Myrhorod, dai la namna hiyo liligeuka maasi yaliyoanza 1789, na mwaka 1793 kijiji kilivunjwa na watu wake wakatawanywa. Karatasi iliyoandikwa na karani wa sotnia ilikuwa bado na uzito wa kufa na kupona.

Kumbukumbu ilihifadhiwa pia kwa sauti. Ostap Veresai alizaliwa 1803 katika kijiji cha Kaliuzhyntsi, wilaya ya Pryluky, mtoto wa mtwana. Alipofuka akiwa mdogo na akawa mwimbaji wa tenzi za Kikozaki kwa kinanda cha kobza. Mwaka 1873 aliwaimbia wanachuoni mjini Kyiv, na mtunzi Mykola Lysenko akaziandika tuni zake. Tenzi za watu huru zilifikishwa kwa wanachuoni na mwana wa mtu aliyenyimwa uhuru.

Familia ya Galagan nayo ina sura ya pili ambayo haki inataka itajwe. Hryhoriy Galagan mwingine, mwenye shamba la Sokyryntsi, aliketi katika tume iliyotayarisha kufutwa kwa utwana mwaka 1861, na mwaka 1871 alianzisha kijijini kwake chama cha mikopo cha wakulima. Mwaka huohuo, baada ya kufiwa na mwanawe Pavlo, alifungua chuo Kyiv kwa jina la kijana huyo. Jengo lake leo ni makumbusho ya fasihi ya Ukraine.

Tunachokienzi

Anayefika Pryluky leo ataonyeshwa jengo dogo la matofali la mwanzoni mwa karne ya 18, ambalo wenyeji wanaliita hazina ya Kikosi. Ni ukumbusho mzuri, lakini urithi mkubwa wa taasisi hii uko katika makaratasi ya hifadhi za nyaraka: daftari la 1649, sensa za karne ya 18, vitabu vya mahakama, hati za mashamba.

Tuienzi kwa ukweli wake wote. Kikosi cha Pryluky kilithibitisha kwamba wahunzi na wasaga unga wanaweza kujitawala, kujihukumu, kuwasomesha watoto wao na kujilinda bila bwana juu ya vichwa vyao. Vilevile kilithibitisha kwamba uhuru wa namna hiyo haulindwi na bendera wala rungu. Unalindwa pale cheo kinapobaki amana ya muda, mahakama inapokuwa mbali na mdai wake, na mtu maskini anapoweza kuingia katika daftari kwa urahisi uleule anaoweza kutoka. Makanali wa Pryluky walipoyaacha masharti hayo, Catherine alikuta kazi iliyobaki ni kuandika amri tu. Anayetaka kuihukumu taasisi yoyote ya utawala na afanye kama Lazarevsky: ayapitie majina ya wadogo, moja baada ya jingine, na aulize nani aliyafuta.